CHETI KWANZA, SAFARI BAADAYE

Mwezi wa Januari, 2025, vijana wetu waliosomea ualimu waliitwa kwenye usaili wa kazi za Serikali. Walioomba walikuwa zaidi ya 200,000; nafasi zilizokuwako hazikufika 15,000. Mwenye kuzipima hesabu hizo mbili hataona ajabu kwamba kijana mwenye shahada ya ualimu, aliyekaa kwa wazazi wake miaka mitatu au minne akingojea kuitwa, hutega sikio anaposikia kwamba ng'ambo ya bahari, katika nchi za Ghuba, wanatafutwa walimu wa Kiingereza, na kwamba mshahara wa mwezi mmoja wa huko hushinda mishahara ya miezi mingi ya hapa.

Habari hiyo si uongo. Lakini imetufikia kama mchele uliochanganyika na chuya na mawe, na asiyepepeta atavunjika jino. Gazeti la Chama halina kazi ya kuwavunja moyo vijana, wala halina kazi ya kuwapigia ngoma watu wanaowauzia vijana ndoto. Kazi yake ni kusema yaliyo kweli mapema, kabla shamba la baba halijauzwa na ng'ombe wa mama hawajatolewa zizini kwa ajili ya nauli. Kwa hiyo leo twaeleza ni sifa gani hasa zinazotakiwa, nani anazo na nani hana, na lipi lifanywe ili walio nazo waende kwa heshima na wasio nazo wasidanganywe.

Kwanza, yafaa kufahamu kwa nini watu wa Ghuba wanawahitaji walimu hao. Nchi tunazozitaja ni sita: Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Qatar, Kuwait, Bahrain na Oman, zilizofanya umoja wao mwaka 1981. Mafuta na gesi viliwapa utajiri kabla hawajapata shule za kutosha. Oman, jirani yetu wa miaka mingi, mwaka 1970 ilikuwa na shule tatu tu za mtindo wa kisasa katika nchi nzima. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwezi wa Julai mwaka huo alianza kujenga shule kwa mamia, na mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kikafungua milango yake. Saudi Arabia nayo, tangu mwaka 2021, imeamuru Kiingereza kifundishwe kuanzia darasa la kwanza. Katika vyuo vikuu vingi vya nchi hizo uhandisi, uganga na sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na kijana aliyesoma kwa Kiarabu shuleni hupitishwa kwanza katika mwaka wa matayarisho ili ajifunze lugha hiyo. Mwaka huo wa matayarisho peke yake unahitaji walimu wengi mno.

Wala si jambo jipya kwamba Kiingereza kilichosomwa katika pwani yetu kiwe riziki mjini Maskati. Baada ya mwaka 1970 Waomani wengi waliozaliwa Unguja, Pemba na mahali pengine pa Afrika Mashariki walirudi katika nchi ya wazee wao. Walikuta nchi inajengwa upya, na kwa sababu walikuwa wamesoma na walikijua Kiingereza, waliingia maofisini, mashuleni na katika kampuni ya mafuta. Mpaka leo Kiswahili husikika katika nyumba nyingi za Maskati. Kijana wetu aendaye huko haendi kwa watu wasiotujua. Lakini na asidhani kwamba udugu huo utamfungulia mlango wa darasa. Mlango wa darasa hufunguliwa na cheti.

Sasa tuje kwenye vyeti vyenyewe. Jambo la kwanza, ambalo halina njia ya kulikwepa, ni shahada ya chuo kikuu. Katika nchi hizo sita kibali cha kazi ya ualimu wa kawaida hutolewa kwa mwenye shahada ya kwanza, na waajiri wengi siku hizi hawaridhiki na shahada yoyote. Hutaka iwe ya Kiingereza, ya isimu, au ya elimu pamoja na Kiingereza. Mwenye shahada ya biashara au ya kilimo, hata akisema Kiingereza kama maji ya mto, atapata taabu. Mwenye Cheti cha Daraja A au stashahada peke yake, hata awe amefundisha kwa sifa miaka kumi, hana njia ya halali ya kuajiriwa kuwa mwalimu katika shule hizo. Twajua kwamba maneno haya yatawachoma wengi. Tumeyasema wazi kwa sababu hao ndio wanaotozwa fedha na mawakala wa uongo, na hao ndio wanaofika ng'ambo wakakuta kazi ni nyingine. Kwao njia iliyo njema ni kujiendeleza kwanza mpaka shahada.

Kuna jambo lingine kuhusu shahada ambalo watu hulijua wakiwa wamekwisha kuchelewa. Mamlaka nyingi za Ghuba huuliza shahada ilipatikanaje, na mara nyingi huzikataa zile zilizosomwa kwa masafa. Sisi twakiheshimu Chuo Kikuu Huria chetu, kilichowafumbua macho maelfu ya watu wasioweza kuacha kazi zao, na hatuoni haki ikiwa elimu yake itapuuzwa. Lakini mwenye shahada ya namna hiyo na aulize kwanza, apate jibu kwa maandishi, kabla hajalipa hata senti moja.

Jambo la pili ni mafunzo ya kumfundisha Kiingereza mtu wa lugha nyingine. Hapa ndipo penye soko kubwa la udanganyifu. Cheti kinachojulikana kuliko vyote ni kile cha Chuo Kikuu cha Cambridge kiitwacho CELTA. Mzizi wake ni mafunzo yaliyoanzishwa na John Haycraft mjini London mwaka 1962. Mafunzo hayo huchukua saa 120 hivi. Mwanafunzi huandika kazi nne, huwatazama walimu wenye ujuzi wakifundisha, na yeye mwenyewe hufundisha saa sita wanafunzi wa kweli mbele ya msimamizi anayemkosoa. Kuna na cheti cha Trinity College London chenye uzito ule ule, nacho kina saa sita za kufundisha. Tangu ugonjwa wa Korona ulipoingia mwaka 2020, mafunzo ya namna hii yaweza kusomwa kwa mtandao, lakini zile saa sita za kufundisha hazikuondolewa.

Kando ya vyeti hivyo viwili kuna vingine visivyo na idadi, vinavyouzwa kwa mtandao kwa bei ya jozi ya viatu. Vingi huandikwa kwamba ni vya saa 120, ili vifanane na vile vya kweli. Mnunuzi husoma kurasa chache, hujibu maswali ya kuchagua, na cheti chenye muhuri wa dhahabu hutokea. Hajasimama mbele ya mwanafunzi hata mmoja. Mwajiri mwenye akili akikiona huuliza swali moja tu: ulifundisha saa ngapi ukitazamwa, na nani alikutazama? Kijana atakayeweza kulijibu swali hilo amenunua elimu. Asiyeweza amenunua karatasi.

Jambo la tatu ni uzoefu. Shule na vyuo vingi hutaka miaka miwili au mitatu ya kufundisha baada ya kuhitimu, na hutaka barua ya mwajiri iseme ni madarasa gani na kwa muda gani. Ndiyo sababu twamshauri kijana asiye na kazi asikae bure akingojea ndege. Afundishe katika shule ya binafsi, hata kwa mshahara mdogo, ili mradi apewe mkataba na barua.

Jambo la nne ni daraja la kazi yenyewe. Wanaofundisha vyuo vikuu hutakiwa shahada ya uzamili katika isimu tumizi au katika ufundishaji wa Kiingereza, pamoja na miaka kadhaa ya kazi. Shule za binafsi zinazofuata mtaala wa Kiingereza cha Uingereza au wa Marekani hutaka mwalimu aliyesomea ualimu hasa na mwenye leseni ya kufundisha katika nchi yake. Huko Dubai mwalimu wa shule ya binafsi lazima akubaliwe na mamlaka ya elimu iliyoundwa mwaka 2006. Katika hili mwalimu wa Kitanzania aliyesoma shahada ya elimu kwa miaka mitatu au minne, akafanya mazoezi ya kufundisha mashuleni, ana sifa ambazo Mwingereza mwenye shahada ya historia na cheti cha mwezi mmoja hana. Mara nyingi hajui kwamba anazo, na huingia katika usaili akiwa ameinamisha kichwa.

Jambo la tano ni kuthibitisha kwamba anakijua Kiingereza. Kwa kuwa sisi si wazaliwa wa lugha hiyo, mwajiri aweza kutaka matokeo ya mtihani wa IELTS, ambao hupimwa kwa alama mpaka 9, au wa TOEFL. Kwa mwalimu, alama ya 7 na zaidi ndiyo inayotazamwa. Matokeo ya IELTS hukubaliwa kwa muda wa miaka miwili, basi asifanye mtihani mapema mno akaja kuurudia.

Hapa hatuna budi kusema neno kuhusu dhuluma iliyoko. Matangazo mengi ya kazi husema wazi kwamba wanatakiwa wenye pasi za kusafiria za Uingereza, Ireland, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand au Afrika Kusini. Wengine huajiriwa, na ni kweli kwamba Wahindi, Wamisri, Wajordani, Watunisia na Wafilipino wanafundisha Kiingereza kwa wingi katika nchi hizo. Lakini mara nyingi kwa kazi ile ile hulipwa mshahara mdogo kuliko mwenye pasi ya Uingereza. Sisi tuliotawaliwa twakijua kipimo hicho. Katika Tanganyika ya wakoloni watumishi wa Serikali walilipwa kwa rangi: Mzungu chake, Mhindi chake, Mwafrika kilichosalia. Siku hizi hawatazami ngozi moja kwa moja, hutazama jalada la pasi. Lakini mtu anapimwa kwa mahali alipozaliwa, wala si kwa kazi ya mikono yake.

Ajabu ni kwamba fikra hiyo ilipata nguvu hapa hapa kwetu. Mwezi wa Januari, 1961, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza. Mwaka 1992 mwanachuoni Robert Phillipson alitoa kitabu kuhusu ubeberu wa lugha, akaonyesha kwamba imani kadhaa zilizotawala ufundishaji wa Kiingereza duniani zilijengwa na mkutano ule, mojawapo ikiwa ni hiyo kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa na lugha. Akaiita imani hiyo potofu. Mwaka huo huo wa 1992 chama cha kimataifa cha walimu hao, TESOL, kilitoa tamko la kupinga ubaguzi huo katika ajira, na mwaka 2006 kikatoa jingine. Kwa hiyo anayeubagua ujuzi wa Mwafrika leo hana hata elimu ya kumtetea.

Wala si kwamba asiyezaliwa na lugha ni mwalimu wa pili kwa ubora. Mtu aliyeifikia lugha kwa miguu yake anaijua njia, anayajua na mashimo yake. Mwarabu hana sauti ya p katika lugha yake, na huitamka b. Sauti ya v huigeuza f. Mswahili anazo sauti zote nne, na maneno mengi ya Kiarabu anayafahamu tangu utotoni kwa sababu yamo katika lugha yake mwenyewe. Tena amekaa darasani na wanafunzi wa makabila mbalimbali, vitabu vichache na ubao mmoja. Hizo ni sifa za kazi. Lakini, ndugu zetu, uchungu wa kubaguliwa usiwe badala ya matayarisho. Anayekataliwa kwa ajili ya pasi yake huku cheti chake ni kamili, amedhulumiwa. Anayekataliwa kwa sababu hana cheti, amehukumiwa kwa haki.

Na hapa twaja kwenye aibu yetu wenyewe. Mwaka 2017 Serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi wake, watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Habari hizo zilienea, na hakuna mwajiri wa nje anayeajiri siku hizi bila kutuma cheti kikahakikiwe kilikotoka. Mwenye cheti halali naye hulazimika kupita njia ndefu: Baraza la Mitihani kwa vyeti vya sekondari, chuo kilichompa shahada, Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi anayokwenda. Hutakiwa pia hati ya Polisi kwamba hana makosa, na kupimwa afya, zikiwamo kifua kikuu na virusi vya ukimwi. Kila ofisi ina ada yake na siku zake. Atakayeanza kazi hiyo baada ya kupata ahadi ya mwajiri atachelewa, na nafasi itakwenda kwa mwingine. Aianze mapema.

Sasa tuseme juu ya mawakala na mikataba. Sheria yetu ya mwaka 1999 ya huduma za ajira, pamoja na kanuni zake za mwaka 2014, yataka wakala wa ajira awe na leseni. Iko pia ofisi ya Serikali ya huduma za ajira, TaESA. Basi mtu akija kijijini au akituma ujumbe kwa simu ya mkononi, akisema anatafuta walimu wa Ghuba, swali la kwanza ni leseni yake i wapi. Swali la pili ni fedha anazodai ni za nini. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, iliyoanza kutumika mwezi wa Februari, 2022, imemkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa mzunguko. Anayekudai mamilioni ili akupe kazi huko, ama anakuibia wewe, ama anakupeleka kwa mwajiri anayevunja sheria ya nchi yake.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili: visa imeandikwa kazi gani? Wako wasichana wasomi wanaoambiwa kwamba watafundisha watoto Kiingereza katika nyumba ya tajiri. Hufika na visa ya mtumishi wa nyumbani. Huo si upungufu wa karatasi tu. Katika nchi nyingi za Ghuba sheria ya kazi ya kawaida haiwahusu watumishi wa nyumbani. Wao wana sheria au kanuni zao peke yao, zenye ulinzi mdogo zaidi. Dada aliyepanda ndege kuwa mwalimu, akashuka na visa ya namna hiyo, ameshuka akiwa nje ya sheria inayomlinda mwalimu, hata kama shahada yake imo ndani ya mkoba. Kijana asipande ndege kabla ya kuiona visa kwa macho yake, na kuisoma au kusomewa na mtu anayejua Kiarabu ambaye si wakala yule yule.

Mkataba nao usomwe kabla ya kutiwa sahihi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba useme mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho ni kiasi gani, kwa maana katika baadhi ya nchi hizo, kama Falme za Kiarabu, kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi. Katika Falme za Kiarabu mfanyakazi aliyemaliza angalau mwaka mmoja hupata mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Katika Saudi Arabia hupata nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka wa miaka hiyo. Lakini akijiuzulu kabla ya kutimiza miaka miwili, hapati kitu. Useme pia nani analipa nyumba, nani analipa nauli ya kwenda na kurudi, vipindi vingapi kwa juma, likizo ngapi, na matibabu ya nani. Katika nchi hizo mishahara haikatwi kodi ya mapato. Oman ilitunga sheria ya kodi hiyo mwaka 2025, ianze mwaka 2028, nayo itawagusa wenye mapato makubwa tu. Lakini deni la Bodi ya Mikopo halifutwi kwa kuvuka bahari, na mwungwana hulilipa akiwa popote.

Na pasi ya kusafiria ni ya mwenyewe. Nchi hizo ziliendesha kwa miaka mingi mfumo wa kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mdhamini aliyemleta. Zimeulegeza kwa viwango mbalimbali. Sheria ya Qatar ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri amrudishie mfanyakazi pasi yake akisha kumaliza taratibu za ukaazi, na sheria ya Falme za Kiarabu inakataza kuzuia hati za mfanyakazi. Mwalimu aijue sheria hiyo kabla ya kufika, aache nakala za hati zake zote nyumbani, na siku ya kwanza ajiandikishe katika ubalozi wetu, uwe wa Maskati, Abu Dhabi, Riyadh, Doha au Kuwait.

Watakuwako watakaotuuliza: je, Chama kinawahimiza walimu waikimbie nchi, na huku madarasa ya vijijini yana watoto zaidi ya mia? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba watoto hao hawakukosa mwalimu kwa sababu mwalimu amekwenda Doha. Wamekosa kwa sababu fedha za kumwajiri hazijatosha, na mwalimu mwenyewe yuko kijijini anauza nyanya. Wajibu wa kwanza wa Serikali ni kumwajiri hapa. Hilo tunalisema na tutaendelea kulisema. Lakini mpaka siku hiyo ifike, kumzuia asitafute riziki ya halali ni kumwadhibu kwa kosa lisilo lake. Akifundisha miaka minne, akarudi na akiba, ujuzi na cheti kikubwa zaidi, nchi haikupoteza.

Hata hivyo kuna ukweli mmoja ambao lazima tujiambie sisi kwa sisi. Mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari zetu, wakaona kwamba wengi hawakuweza kuitumia lugha hiyo kujifunzia masomo mengine. Ukaletwa mradi wa kuisaidia lugha, ukaisha. Lakini malalamiko hayajaisha. Hatuwezi kupeleka nje walimu wa Kiingereza wa kutosha kama Kiingereza kinachofundishwa nyumbani ni dhaifu. Kulienzi Kiswahili, ambacho ndicho roho ya taifa letu, hakukutaka kamwe kwamba Kiingereza kifundishwe ovyo. Lugha ya kigeni ifundishwe vizuri kama lugha ya kigeni, na Kiswahili kishike mahali pake.

Kwa sababu hizo tunaiomba Serikali ifanye mambo manne. Mosi, vyuo vikuu vya umma vianzishe mafunzo mafupi ya kufundisha Kiingereza kwa wageni, yenye mazoezi yanayosimamiwa na mtahini wa nje, ili kijana asilazimike kulipa ada kwa fedha za kigeni au kununua karatasi za mtandao. Pili, kazi ya kuthibitisha vyeti ifanyike katika ofisi moja na isogezwe mikoani, ili kijana wa Kigoma asisafiri mara tatu kwenda Dar es Salaam au Dodoma kwa ajili ya muhuri. Tatu, mapatano ya kazi na nchi za Ghuba yasiwe ya madereva na watumishi wa nyumbani peke yao. Yawataje walimu kwa jina, na yatake shahada zetu zitambuliwe na ujuzi ulipwe kwa ujuzi, si kwa pasi. Nne, majina ya mawakala wenye leseni, wa Bara na wa Zanzibar, yabandikwe katika kila ofisi ya kata na ya shehia, na wale wanaowauza wasichana kwa jina la ualimu wafikishwe mahakamani.

Matawi ya Chama nayo yana kazi yao. Mtu akianza kuwakusanya vijana na kuwatoza fedha, kiongozi wa tawi ndiye wa kwanza kumwona. Asisubiri mpaka mzazi aje akilia. Amwombe leseni mbele ya watu, na akiikosa, awaambie watu.

Na nyinyi vijana, walimu wetu, twawaambia kwa mapenzi. Zitoeni shahada zenu sandukuni mzitazame upya, kwa maana zina thamani kuliko mlivyoambiwa na wale wanaotaka kuwauza. Tafuteni cheti cha kweli, kusanyeni barua za kazi, hakikisheni hati zenu, someni mkataba neno kwa neno, ulizeni visa inasemaje. Aliyekamilisha hayo na aende, nasi tutamwombea salama. Ambaye bado hajakamilisha asione haya kungoja mwaka mmoja zaidi. Ndege za kwenda Maskati huondoka kila juma.